Fimbo ya Kumi na Tano

Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, siku hizi nasita kidogo kabla ya kujibu. Nilimzaa mmoja, Valentina, na kila anayetujua hapa Woodbury, Amerika, anamjua. Wa pili sikumzaa. Ni Mtaiwani, amenizidi urefu kwa kichwa kizima, na kazi yake ilikuwa kupiga mpira mdogo mweupe kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo. Anaitwa Fang Wan-ju. Nataka kueleza alivyokuwa mchezaji na alivyoacha kuwa mchezaji, kwa sababu katika kuacha kwake kuna mkono wangu, na nimechoka kumsikia Gasto, mume wangu, akiwasimulia wageni habari hiyo kana kwamba ni kichekesho.

Ilianza mwaka 2019, Valentina alipokwenda chuo Mankato akaniachia chumba kitupu. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kazini kwetu kuna Mkenya mmoja, Wairimu, mwanamke asiyeweza kuona kitu kimekaa bure bila kukitafutia matumizi. Akaniambia mwezi wa nane kuna mashindano ya gofu ya wanawake karibu na kwetu. Ni ligi ya pili, ya wale wanaotafuta kupanda ligi kuu, na wengi wao hawawezi kulala hotelini kila wiki. Kwa hiyo kila mji wanakofika, wenyeji huwapokea majumbani.

"Wewe uko na room, Ephrasia. Chukua mmoja. Ni wiki tu."

"Mzungu akilala kwangu atakula nini?"

"Nani amesema ni Mzungu? Na hizo chapati zako, sijaona mtu akizikataa."

Nikajaza fomu. Gasto alicheka. Gasto ni fundi wa mashine za hospitali, mtu anayetaka kila kitu kije na kijitabu cha maelekezo, na gofu aliiona ni mchezo wa watu waliokosa shamba la kulima. Aliapa kwamba hatakanyaga huko uwanjani.

Jumatatu likaja gari dogo la rangi ya fedha, limejaa mpaka kioo cha nyuma hakipitishi mwanga. Akashuka msichana wa miaka ishirini na mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua jua, wa kushoto mweupe kama wa mtu mwingine, na baadaye nilielewa kwamba huo wa kushoto ndio unaovaa glovu. Kitu cha kwanza kutoa garini, kabla hata ya begi la nguo, kilikuwa sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nilipoiona ile sufuria nikajua tutaelewana.

Wairimu alipokuja kumwona na kuambiwa jina, alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Wanju! Huyu ni wetu!" Kwao Wanju ni kifupi cha Wanjiru. Tangu siku hiyo Wakenya wote wa kanisani walimhesabu kama wa kwao, nikabaki nikigombana nao kwamba aliyempokea ni Mchaga, na wao wakae kimya.

Jikoni, nikikanda unga, alinieleza alikotoka. Baba yake alikuwa mkata nyasi kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu huko Taoyuan. Wan-ju alipofika miaka tisa, baba alichukua fimbo ya mtu mzima iliyovunjika, akaikata ilingane na urefu wa mtoto, akauzungushia mpini utepe wa kufungia mabomba. Mama yake anauza vifungua kinywa asubuhi, maziwa ya soya na mikate ya kukaanga, na hajawahi kumwona bintiye akicheza mashindano. Si kwamba hapendi. Anasema moyo wake haustahimili kuuona mpira ukielekea shimoni polepole. Msichana alikwenda hivyo hivyo, timu ya watoto, timu ya taifa ya vijana, na akiwa na miaka ishirini na mmoja akaja Amerika peke yake kutafuta ligi kuu, akiendesha gari kutoka jimbo hadi jimbo na ile sufuria yake kwenye kiti cha mbele.

Siku ya kwanza ya mashindano nilifanya ninachomfanyia kila anayetoka mlangoni kwangu. Nilimfungashia. Nilitia maandazi sita na mayai mawili ya kuchemsha kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake la fimbo, kimyakimya, maana ukimwambia mgeni atakuambia asante nimeshiba. Aliyakuta akiwa shimo la tisa. Jioni akaniambia alikula maandazi mawili akingoja zamu yake, na mashimo tisa ya pili akayacheza vizuri kuliko ya kwanza. Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu akishakuambia maandazi yako yamemsaidia kazi, utamwacha vipi?

Mwaka ule alimaliza wa arobaini na kitu. Wakati wa kuondoka nilimwandikia namba yangu ya simu kwenye karatasi, nikamwambia akikwama popote anipigie. Kila mtu husema hivyo kwa mgeni, na mara nyingi mgeni hapigi.

Huyu alipiga. Mwezi wa tatu mwaka 2020, corona ilipofunga kila kitu, ligi yake ilisimamishwa akiwa Florida. Kurudi kwao angeweza, lakini alihofia kwamba akitoka asingeruhusiwa kuingia tena.

"Mama Ephrasia," akasema, "nimekwama."

Aliendesha siku tatu. Akakaa kwetu miezi minne.

Miezi ile sipendi kuizungumzia. Wazee wetu walikuwa wanakufa, wengine nikiwa nimewashikia simu ili watoto wao wawaage. Nilikuwa narudi nyumbani asubuhi baada ya zamu, navulia nguo za kazi gereji, sina la kusema kwa mtu yeyote. Gasto, masikini, alikuwa akiniuliza maswali. Wan-ju hakuuliza. Alikuwa akiniwekea bakuli la uji wa mchele kwenye ngazi, kisha anakaa ngazi ya juu na bakuli lake, mbali kama tulivyoagizwa, tunakula bila kusemezana. Kisha mimi nakwenda kulala, na yeye anashuka chumba cha chini kufanya mazoezi ya kusukuma mpira kwenye zulia mpaka uingie kwenye kikombe cha plastiki. Nilikuwa napata usingizi nikisikia mpira unaingia, kimya, unaingia. Nilimpenda mtoto yule wakati ule, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka.

Ni wakati ule pia nilipokutana na mama yake kwenye simu ya video. Hajui Kiingereza, mimi sijui neno la kwao. Tulionyeshana sufuria. Alinionyesha mikate yake ikielea kwenye mafuta, nikamwonyesha maandazi yangu yakielea kwenye mafuta, tukacheka mpaka Wan-ju akachoka kutafsiri kisichohitaji kutafsiriwa. Nilipojua kwamba mama yule ana miaka minne pungufu yangu, nikamweleza Wan-ju kwamba kwetu dada mkubwa wa mama haitwi shangazi wala jina lingine la kumweka mbali. Anaitwa mama mkubwa. Ni mama tu, mkubwa. Kesho yake asubuhi akanisalimia, "Shikamoo, Mama," nikaitika marahaba nikiwa nimempa mgongo, asije akaona machozi yangu.

Mwaka 2021 alikuja na kifundo cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji. Nilikifungua mwenyewe mezani, nikakibonyeza, akaruka kwenye kiti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkataza.

"Mama," akaniwahi, "ukiniambia nisicheze nitakusikiliza. Kwa hiyo naomba usiniambie."

Nikafunga mdomo, jambo ambalo Gasto atakuambia ni nadra. Alicheza raundi mbili akajitoa, akakaa miezi mitano hajashika fimbo.

Mwaka 2022 ndio uliokuwa wake. Alimaliza wa pili hapa hapa nyumbani, mpira wake wa mwisho ukisimama ukingoni mwa shimo na kugoma kuingia. Nilitaka kuvuka kamba nikaupulize. Lakini pointi zake za mwaka zilitosha, akapanda ligi kuu. Tulifanya sherehe ukumbi wa kanisa. Wakenya walileta mukimo, mimi nilileta mtori, na Gasto, yule aliyeapa kutokanyaga uwanjani, alisimama akatoa hotuba ya dakika ishirini kuhusu namna mpira unavyozunguka hewani. Kufikia hapo alikuwa amesoma kijitabu cha sheria za gofu mara mbili.

Ligi kuu ilimtesa. Huko baada ya siku mbili hufanyika mchujo, nusu ya wachezaji wanarudishwa nyumbani. Akivuka mchujo alikuwa ananipigia Jumapili, asipovuka ananipigia Ijumaa jioni. Mashindano kumi na tisa alicheza mwaka 2023. Mara kumi na sita simu ililia Ijumaa. Nilifika mahali nikawa naichukia Ijumaa yenyewe, na Wairimu kazini alikuwa haniongeleshi siku hiyo mpaka anione nimekula. Mwisho wa msimu akashushwa, akarudi ligi ya pili.

Basi tufike mwezi wa nane mwaka 2024. Alikuja akiwa na miaka ishirini na saba, amekonda, mwenye adabu kupita kiasi, na mtoto akizidisha adabu ujue ana jambo. Akatueleza mezani. Msimu ule haukuwa mzuri. Baba yake amemwambia kwa upole kwamba mwaka huu, basi. Shule moja Taoyuan imemwekea nafasi ya kufundisha watoto gofu, inataka jibu mwisho wa mwezi. Ili abaki kwenye ligi mwaka unaofuata, ilimbidi amalize katika watano wa kwanza hapa kwetu. Akikosa, hana tena ligi ya kurudia.

"Na wewe unataka nini?" Gasto akamuuliza.

"Nataka kucheza," akasema. Akainamia sahani yake. "Nataka tu mwaka mmoja zaidi, Baba."

Mashindano yalikuwa ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Baada ya mbili za kwanza alikuwa wa nne. Sikulala vizuri, na niliomba ruhusa kazini kwa ajili ya Jumapili nikisingizia mgongo. Mungu anisamehe, kesho yake mgongo uliuma kweli.

Sasa nieleze jambo moja ambalo leo ninalijua na asubuhi ile sikulijua. Kwenye gofu mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo kumi na nne. Akianza kucheza na kumi na tano, anaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo alilocheza hivyo, hadi minne. Na kwa kuwa kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, mikwaju minne ya kuongezewa ni msiba. Miaka yote hiyo nilikuwa nabeba chupa ya chai nyuma ya kamba na hilo sikuwahi kulisikia. Gasto alilijua, limo kwenye kijitabu, lakini Gasto hunieleza mambo mengi na mimi huchagua ya kusikiliza.

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Wan-ju alipanga fimbo zake sakafuni gereji, akazihesabu, akazirudisha begini, akalivisha begi kifuniko chake cha mvua, akaingia ndani kunywa chai. Mbeba begi hakuwa naye, alikuwa anasukuma begi lake mwenyewe kwenye kigari. Nami nikatoka na chapati nne nilizozikunja kwenye karatasi ya fedha. Nilipofika mlango wa gereji nikaiona fimbo yake ya zamani ya kusukumia mpira, imeegemea ukuta. Ile ile ya zulia la chumba cha chini, ya wakati wa corona. Mwaka ule alikuwa amenunua mpya, ya zamani akawa anaamshia mikono tu alfajiri.

Jamani, nikasema moyoni, mtoto huyu kichwa kimemjaa mpaka anasahau fimbo yake, na leo ndiyo leo. Nikainua kifuniko, nikaichomeka katikati ya wenzake, nikaweka chapati mfuko wa pembeni, nikarudisha kifuniko kama kilivyokuwa. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Uwanjani Gasto alikuwa amejitolea kuandika alama, kwa hiyo alitembea ndani ya kamba pamoja na wachezaji wa kundi la Wan-ju. Mimi nilikuwa nje na mwavuli. Shimo la kwanza alilicheza vizuri, la pili vilevile. Wakielekea la tatu mvua ikakatika. Nikamwona anavua kifuniko cha begi ili akikung'ute maji, kisha akasimama kama mtu aliyeitwa jina. Akaingiza mkono, akaivuta juu ile fimbo ya zamani.

Akageuka kunitafuta. Nilikuwa hatua kama thelathini kutoka kwake. Nikajua, hatimaye ameiona, anataka kunishukuru. Nikainua chupa ya chai juu, nikaweka mwavuli chini, nikampungia kwa mikono yote miwili.

Alinitazama kwa muda. Kisha naye akanipungia, na naapa alitabasamu.

Baada ya hapo akainua mkono kumwita mwamuzi. Akaja mzee mmoja wa kofia nyeupe kwenye gari dogo, wakazungumza, Gasto amesimama karibu ameinamisha kichwa kama yuko ibadani. Yule mzee akatazama upande wangu, akavua kofia yake. Nami, kwa kuwa nimelelewa, nikainama kidogo kumrudishia salamu.

Muda mfupi baadaye jina la Wan-ju kwenye ubao likashuka kutoka nafasi ya nne hadi ya kumi na saba. Nikamkimbilia Gasto pembeni ya kamba.

"Kuna nini? Mbona wamemwongezea?"

"Sheria tu."

"Sheria gani?"

"Ephrasia, tembea. Tutachelewa."

Wan-ju alipigana siku ile kuliko nilivyowahi kumwona. Alipunguza mkwaju mmoja shimo la kumi, mwingine la kumi na mbili, mwingine la kumi na tano. Kila alipoinua mpira shimoni alikuwa anaufuta kwa shati na kuendelea, hatazami ubao. Shimo la mwisho mpira wake uliingia kutoka mbali kama kutoka jikoni kwangu hadi barabarani, watu wachache waliokuwepo wakashangilia. Alimaliza wa nane. Mikwaju mitatu ilimtenga na nafasi ya tano.

Alitia sahihi karatasi yake, akaja akanikumbatia, mwili wote umelowa.

"Pole, mwanangu."

"Nimejitahidi, Mama."

Garini hakuna aliyezungumza, nami kimya hunikera, kwa hiyo nikasema maneno ambayo hata leo yakinijia nikiwa naosha vyombo huwa nafunga bomba nikasimama. "Angalau ile fimbo yako ya zamani nilikukumbushia."

Gasto akakohoa. Wan-ju, kiti cha nyuma, akasema, "Asante, Mama."

Jumanne tulimpeleka uwanja wa ndege. Gari lake alikuwa amemwachia mchezaji mwenzake, na ile sufuria ya wali aliiacha jikoni kwangu, kwamba kwao zipo. Nilimfungashia karanga, majani ya chai na kanga mbili, moja ya mama yake. Nililia kama mama yeyote, tukaagana mbele ya milango, akaingia. Nikarudi garini nikafunga mkanda. Gasto hakuwasha gari.

"Gasto, twende. Askari anatutazama."

"Aliniomba nisikuambie mpaka apande ndege," akasema. "Najua hajapanda. Lakini nimeshindwa, Ephrasia, siku mbili sili vizuri."

Akanieleza yote. Fimbo kumi na nne, ya kumi na tano, mikwaju minne. Alizungumza taratibu kama anavyoeleza mashine iliyoharibika. Kwamba hakuna mtu mwingine aliyeiona fimbo ile begini, si wachezaji wenzake, si yeye Gasto. Kwamba Wan-ju mwenyewe ndiye aliyemwita mwamuzi na kuinyoosha mbele yake.

"Mzee akamuuliza, imeingiaje humu? Akajibu, mama yangu ameiweka. Mzee akasema, mama yako yuko hapa? Akamwonyesha. Yule pale, mwenye chupa ya chai. Mzee akageuka akakukuta unapunga mikono miwili kama mtu anayesimamisha lori."

"Nilidhani ananisalimia."

"Alikuwa anakusalimia," Gasto akasema.

Sikumbuki kufungua mkanda. Nakumbuka Gasto akiniita, askari akimfokea asogeze gari, na milango ikifunguka yenyewe mbele yangu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye mwili wangu na magoti yangu, na nilikimbia ndani ya jengo lile nikisukuma watu na mabegi yao. Nilimkuta kwenye mstari wa ukaguzi, mkanda wa begi begani, anatazama simu.

"Wan-ju!"

Aligeuka. Aliponiona uso akajua mara moja. Akainama akapita chini ya utepe, akaacha nafasi yake na watu kumi na watano waliokuwa nyuma yake, akanijia.

"Baba amesema," akasema.

"Ungeificha!" Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka, na nilikuwa nimekusudia kusema nisamehe. "Kwa nini hukuificha? Hakuna aliyeona. Ungeitupa kwenye maji, ungeitupa vichakani!"

"Ningeifichaje, Mama? Ulikuwa unanipungia."

Nikafunika uso kwa mikono. Watu walikuwa wanatupita pande zote mbili. Alinishika mabega akangoja, kama alivyokuwa akingoja kwenye ngazi zile, bila kuuliza. Nilipopata sauti nikamwomba msamaha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, maana cha Kiingereza niliona hakifiki.

"Sheria inasema begi ni la mchezaji," akasema. "Nilihesabu mapema, sikuhesabu tena pale shimo la kwanza. Kosa ni langu. Lingekuwa la mtu mwingine ningekuambia."

"Usinidanganye. Hukukasirika?"

Akafikiri. Huyu mtoto hajui kusema uongo hata wa heshima. "Nilikasirika. Kuanzia shimo la tatu mpaka la saba."

"Na la nane?"

"La nane nilikuta chapati."

Nilicheka na kulia pamoja, kitu kibaya kwa mtu mzima hadharani. Naye machozi yakamtoka wakati ule, ya kwanza niliyoyaona tangu Jumapili, na hapo nikaelewa kwamba ule mwaka mmoja zaidi alikuwa ameutaka kweli, kwa moyo wote, na haupo tena, na mimi siwezi kuufungasha popote nikampa. Nikamfuta macho kwa ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Nikamwambia watoto wa Taoyuan wamepata mwalimu. Akaitikia kwa kichwa.

Ikabidi arudi mwisho wa mstari. Nikasimama naye. Ulikuwa mrefu, unakwenda na kurudi kati ya vile vitepe, nikamshukuru Mungu kwa urefu wake. Tulisogea hatua moja moja. Nikamwuliza mama yake ataivaaje kanga, nikamwonyesha namna ya kufunga, mwanamke aliyekuwa mbele yetu akageuka kujifunza pia. Hatimaye tukafika kwa kijana wa kukagua pasi.

Akaipokea pasi ya Wan-ju, akanyoosha mkono nimpe yangu.

"Sisafiri," nikasema. "Namsindikiza."

"Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Alimtazama Wan-ju, akanitazama mimi, akaitazama tena pasi. Nilijiandaa kugombana, na nilikuwa na nguvu za kutosha siku hiyo kugombana na jengo zima. Lakini yule kijana alirudisha pasi, akatoa sauti ya chini kama tunayoitumia kazini kwetu na watu wenye wagonjwa wao.

"Basi mama anaishia hapa," akasema.

Nikaishia hapo.